Shahidi wa Pili Sokoni

Chini ya karibu kila chati ya bei ya hisa kuna safu ya nguzo, nyingine fupi, nyingine ndefu. Juu unaona bei ikipanda na kushuka. Chini unaona ni hisa ngapi zilizouzwa na kununuliwa siku ile. Nitaiita idadi hiyo ujazo. Anayeanza kujifunza kusoma chati hupewa kanuni mapema kabisa, pengine siku ya kwanza: bei ikipanda kwa kasi na nguzo zikirefuka, mwendo huo una nguvu, nunua; bei ikipanda huku nguzo zikifupika, jihadhari, wanaoisukuma wamechoka. Kanuni hii humwingia mtu kabla hajaipima. Inamwambia kwamba bei peke yake yaweza kumdanganya, lakini bei iliyoungwa mkono na umati haidanganyi.

Nina shaka na umati huo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi mno, ndiyo maana watu huiruka. Hisa milioni moja zikiuzwa leo, basi hisa milioni moja zimenunuliwa leo. Hakuna njia nyingine. Kwa kila hisa aliyoichukua mtu akiamini itapanda, yupo mwingine aliyeiachia, kwa bei ileile na dakika ileile, naye alikuwa na sababu zake. Nguzo ndefu, kwa hiyo, si hesabu ya kura za ndiyo. Ni hesabu ya ndiyo na hapana zilizokutana na kupeana mikono. Kama kuna kitu kinachopimwa pale, ni ukubwa wa kutokubaliana. Chukua siku ambayo wote wana maoni mamoja, kwamba kampuni fulani kesho itatangaza faida kubwa. Wanunuzi watapandisha bei wanayotoa, wenye hisa watakataa kuuza, wanunuzi watapandisha tena. Bei imeruka, na haijauzwa hata hisa moja. Makubaliano yakikamilika, nguzo inakuwa sifuri.

Sasa rudi kwenye kanuni, uone ilivyo ya ajabu. Inasema mpando wa bei uaminiwe zaidi pale ambapo wengi zaidi wameuona kuwa mahali pazuri pa kutoka.

Mtu aliyeufanya ujazo kuwa fani ni Mmarekani Joseph Granville. Mwaka 1963 alichapisha kitabu kilichokieneza kiashiria kiitwacho On-Balance Volume, ambacho mpaka leo kimo katika karibu kila programu ya chati, hata zile za kwenye simu. Ufundi wake unaelezeka kwa pumzi moja. Hisa ikifunga siku juu ya bei ya jana, chukua ujazo wote wa siku hiyo uujumlishe kwenye hesabu. Ikifunga chini, uutoe wote. Ikifunga palepale, usifanye kitu. Jumla inayokua inamaanisha fedha zinaingia. Inayopungua, fedha zinatoka. Ukilinganisha mstari huo na mstari wa bei unapata ishara: vikienda pamoja, endelea, vikipishana, kuna jambo.

Angalia kilichofanyika hapo. Hisa imeuzwa milioni nne tangu asubuhi, ikapanda, ikashuka, na dakika za mwisho ikafunga senti tano juu ya jana. Milioni nne zote zinaandikwa kuwa ni za wanunuzi. Ingefunga senti tano chini, zilezile milioni nne, za watu walewale, zingeandikwa kuwa ni za wauzaji. Ujazo hauna mwelekeo. Granville aliuazimia mwelekeo wa bei, kisha wasomaji wake wakaenda kuuliza kama ujazo unakubaliana na bei.

Kadhi anayesikiliza kesi hataki tu mashahidi wawili. Anataka kujua kama wa pili aliona kwa macho yake au alisimuliwa na wa kwanza. Hilo ndilo swali ambalo mwenye chati haulizi. Kasi ya bei nayo hupimwa kwa kipimo ambacho wengi hukijua kwa herufi zake, RSI, kilichotolewa mwaka 1978 na J. Welles Wilder, mtu aliyesomea uhandisi. Hiki huchukua siku 14, kikapima wastani wa siku za kupanda dhidi ya wastani wa siku za kushuka, kikatoa namba kati ya sifuri na 100. Ikipita 70 wanasema hisa imenunuliwa kupita kiasi. Ikianguka chini ya 30, imeuzwa kupita kiasi. Hisa ikipanda siku kumi mfululizo, kipimo cha Wilder kitapaa, na mstari wa Granville nao utapaa. Mwanafunzi atafurahi: viashiria viwili vimekubaliana! Havikukubaliana. Vyote viwili vimesoma mshale uleule wa bei ya kufunga, kila kimoja kikautamka kwa lafudhi yake.

Haki yake shahidi wa pili, yaani ujazo, apewe, hata hivyo. Analo jambo moja ambalo wa kwanza hana, nalo ni uzito. Hisa yaweza kupanda siku nane kwa biashara ndogondogo na kushuka siku mbili tu, lakini siku hizo mbili zikawa na ujazo mara kumi ya nyingine. Kipimo cha kasi kitasema mambo ni mazuri. Mstari wa ujazo utakuwa unateremka. Tofauti hiyo ni habari ya kweli, haitokani na hesabu kujizungusha. Ndiyo maana wasomaji wa chati wazoefu hujali zaidi pale viashiria vinapopishana kuliko vinapofuatana, na hapo nadhani silika yao ni sahihi kuliko nadharia yao. Lakini hata uzito huo unatuambia tu kwamba siku mbili zile palikuwa na mabishano makubwa. Nani alibishana na nani, na kwa nini, nguzo haisemi.

Granville mwenyewe alikuja kutoa somo kuhusu jambo hili bila kukusudia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 alikuwa mtu mashuhuri wa semina, mwenye vituko: kule Tucson aliwahi kutembea juu ya bwawa la kuogelea, ubao ukiwa umefichwa chini kidogo ya maji. Usiku wa 6 Januari 1981 aliwatumia wanachama wa huduma yake ya tahadhari ujumbe wa kuuza kila kitu. Kesho yake soko la New York lilifanya biashara ya hisa karibu milioni 93, rekodi kwa wakati ule, na fahirisi ya Dow Jones ikashuka karibu pointi 24. Bei chini, ujazo juu. Kwa kanuni ya vitabuni hiyo ni ishara safi kabisa ya soko linaloanguka. Ila aliyeiandika ishara ile ni msomaji wake. Alisema atazisoma nguzo, wafuasi wake wakaenda kuzijenga.

Na mimi hubaki na swali jingine kuhusu siku ile ambalo naona haliulizwi vya kutosha: nani alinunua? Hisa milioni 93 ziliuzwa, basi milioni 93 zilinunuliwa, na watu ambao ujumbe haukuwafikia, au uliwafikia wakaupuuza. Magazeti yaliandika kuhusu waliouza. Upande wa pili wa nguzo hauna mwandishi. Mwaka uliofuata, Agosti 1982, soko hilohilo lilianza mpando ambao ungedumu miaka. Tarehe 18 ya mwezi huo ujazo wa siku ulivuka hisa milioni 100 kwa mara ya kwanza. Granville alikuwa bado anahubiri kuanguka. Nguzo ndefu kuliko zote alizowahi kuziona zilikuwa mbele ya macho yake, naye ndiye aliyewafundisha watu kuziamini.

Wanauchumi wamelitazama jambo hili kwa upande ambao humkera mfanyabiashara. Mwaka 1982, mwaka uleule, Paul Milgrom na Nancy Stokey walionyesha kwamba kama watu wote sokoni ni werevu, wanajuana kuwa ni werevu, walishagawana mali zao vizuri tangu mwanzo, na kinachowatofautisha ni habari tu, basi hakutakuwa na biashara. Mantiki yake mtu anaweza kuifuata bila hesabu. Ukitaka kuniuzia hisa kwa sababu unajua jambo, kule kutaka kwako kuuza kunaniambia kwamba unajua jambo, nitakataa. Mwenye habari hapati wa kumuuzia. Miaka minne baadaye Fischer Black aliandika kwamba kinacholifanya soko liwezekane ni kelele: watu wanaonunua na kuuza kwa yasiyo habari, ingawa wengi wao wanaamini ni habari.

Hapo maana ya nguzo inageuka tena. Sehemu fulani yake ni watu wenye maoni kuhusu kampuni. Sehemu nyingine ni mzazi anayetafuta ada ya muhula, mfuko wa pensheni unaolipa wastaafu wake, mrithi anayegawana na ndugu zake, benki iliyodai dhamana. Hawa hawana neno lolote la kusema juu ya faida ya kampuni. Mwenye chati anasoma ada ya shule na kuitafsiri kuwa hofu ya wawekezaji. Wala si mjinga. Nguzo ya ada na nguzo ya hofu zina urefu uleule na rangi ileile.

Nairobi ilipata mfano wa jambo hili kwa miaka miwili mizima. Hisa ya Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, ilikuwa juu ya shilingi 40 mwaka 2021. Mwaka 2023 ilikuwa chini ya 20. Wawekezaji wa kigeni, ambao wakati ule walishika sehemu kubwa ya biashara ya soko lile, walikuwa wakiuza. Kasi ya bei ilielekeza chini, mauzo yao yaliibana, viashiria vyote viwili vikasema neno moja. Ukiwa kwenye foleni ya wakala wa M-Pesa usingedhani ni kampuni iliyopoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Kampuni ilikuwa na matatizo yake, gharama za kuingia Ethiopia zikiwemo. Lakini Marekani nako riba zilikuwa zimepanda haraka, dola zikawa adimu Kenya, na meneja wa mfuko aliye mbali alikuwa akipunguza masoko ya aina hii yote kwa pamoja. Sehemu kubwa ya maandishi yale chini ya chati ya Nairobi ilikuwa habari za Washington. Chati haiweki anwani ya mtumaji.

Kwa vijana wa foreksi hali ni ngumu zaidi, nami hustaajabu jinsi wanavyoambiwa kidogo kuhusu hili. Soko la fedha za kigeni halina jengo wala daftari moja. Kwa hesabu ya benki kuu za dunia ya mwaka 2022, lilikuwa likizungusha takriban dola trilioni 7.5 kwa siku, zikitawanyika katika mabenki na mitandao isiyo na idadi. Zile nguzo unazoziona kwenye simu chini ya chati ya euro na dola kwa kawaida hazihesabu fedha hata kidogo. Zinahesabu ni mara ngapi bei ilibadilika kwenye kompyuta ya dalali wako. Ni hesabu ya mapigo, si ya kiasi. Wapo wanaodai kwamba mapigo mengi huendana na kiasi kikubwa, na mara nyingi pengine ni hivyo. Lakini kijana anayeambiwa kwamba "fedha kubwa imeingia" kwa sababu nguzo imerefuka anaambiwa jambo ambalo aliyemwambia hana namna ya kulijua. Na kwenye sarafu za kidijitali, mwaka 2019 kampuni ya Bitwise iliwasilisha kwa mamlaka ya masoko ya Marekani uchambuzi uliosema asilimia 95 ya ujazo wa bitcoin uliokuwa ukiripotiwa ulikuwa bandia. Mtu anajiuzia mwenyewe, mkono wa kulia kwa wa kushoto, nguzo inarefuka.

Kisha kuna alasiri moja ya Mei 2010, ambayo kwangu ni kama jaribio la maabara la swali hili lote.

Tarehe 6 mwezi huo, saa nane na dakika 32 mchana kwa saa za New York, mwekezaji mmoja mkubwa aliwasha programu ya kuuza mikataba 75,000 ya fahirisi ya S&P 500 katika soko la Chicago, yenye thamani ya dola bilioni 4.1. Programu ilipewa agizo moja: uza kwa kiwango cha asilimia 9 ya ujazo wa dakika iliyopita. Haikuambiwa itazame bei. Haikuambiwa itazame saa. Wazo lake lilikuwa la busara, tena ndilo lile la kanuni ya darasani: ujazo mkubwa maana yake kuna wanunuzi wengi, basi unaweza kuuza zaidi bila kuumiza bei.

Walionunua mwanzoni walikuwa programu nyingine, zile za kasi ambazo hushika mkataba kwa sekunde chache. Ziliposhiba zikaanza kuuziana zenyewe kwa zenyewe. Ripoti ya mamlaka za Marekani iliyotolewa Septemba mwaka ule inaeleza kwamba katika sekunde 14, kuanzia saa nane, dakika 45 na sekunde 13, programu hizo zilifanya biashara ya mikataba zaidi ya 27,000, na baada ya kuzungushiana kote huko zilikuwa zimebaki na nyongeza ya mikataba 200 hivi. Ishirini na saba elfu kwenye nguzo; mia mbili mikononi. Ile programu ya kuuza ikatazama ujazo, ikaona umekua, ikahitimisha kwamba soko lina njaa, ikauza kwa haraka zaidi. Kazi ambayo safari moja ya nyuma ilichukua zaidi ya saa tano ilimalizika kwa dakika ishirini. Dow Jones ilifika karibu pointi elfu moja chini ya kiwango cha jana yake. Hisa za kampuni ya Accenture ziliuzwa kwa senti moja.

Kilichosimamisha anguko ni kunyamaza. Mfumo wa Chicago ulisitisha biashara ya mkataba ule kwa sekunde tano. Sekunde tano bila nguzo. Biashara ilipofunguliwa bei ikaanza kurudi, na ndani ya dakika chache sehemu kubwa ya hasara ilikuwa imefutika. Baadaye mashtaka yalimgusa pia mfanyabiashara mmoja wa London aliyekuwa akiweka oda kubwa asizokusudia kuzitekeleza, na wataalamu bado wanabishana nani alaumiwe kwa kiasi gani. Kwa swali langu haijalishi. Programu iliyosoma ujazo kama uwepo wa watu ilisoma sahihi kile ilichofundishwa kusoma. Aliyekosekana ni mtu.

Basi ujazo hauna thamani? Hapana, na utafiti haukubali hitimisho jepesi kiasi hicho. Kwamba kasi ya bei yenyewe ina kitu ndani yake lilionyeshwa vizuri na Narasimhan Jegadeesh na Sheridan Titman mwaka 1993: katika soko la Marekani, kuanzia 1965 hadi 1989, kununua hisa zilizofanya vizuri miezi sita iliyopita na kuuza zilizofanya vibaya, kisha kushikilia msimamo huo miezi sita mingine, kulileta takriban asilimia 12 kwa mwaka. Mwaka 2000 Charles Lee na Bhaskaran Swaminathan wakaongeza ujazo kwenye mizani. Waligundua kwamba unasaidia kweli kukadiria kasi itadumu muda gani, lakini kwa namna inayomgeuzia kibao mwalimu wa darasa la kwanza: hisa zilizopanda huku zikiuzwa na kununuliwa sana ndizo zilizogeuka mapema zaidi. Zilizopanda kimya zilidumu.

Wao walipima miezi na miaka, kanuni ya darasani inasema siku na wiki, kwa hiyo hakuna aliyemkanusha mwenzake moja kwa moja. Lakini fikiria maana yake. Nguzo ileile ndefu, ikisomwa kwa wiki, inaitwa nguvu. Ikisomwa kwa miaka, inaonekana kama hisa iliyokwisha kujulikana na kila mtu, ambayo wapenzi wake wote wamekwisha kuingia. Hakuna kilichobadilika kwenye chati isipokuwa umbali wa anayeitazama. Na ile nguzo fupi chini ya bei inayopanda, ambayo mwanafunzi alifundishwa kuiogopa, yaweza kuwa tu alama kwamba wenye hisa wamekaa nazo na hawataki kuziachia.

Ndiyo maana siku hizi ishara ya pamoja ya kasi na ujazo naiona inafaa zaidi kama swali. Bei imepanda, nguzo imerefuka: kuna mtu ananiuzia, na anauza nyingi, kwa bei ambayo mimi naiona ndogo. Anajua nini, au anahitaji nini? Mara nyingine jibu lipo, nje ya chati: gawio limelipwa, fahirisi imepangwa upya, mfuko fulani unafungwa. Mara nyingi jibu halipatikani. Hati ya muamala atakayokuletea dalali wako itakuwa na bei, idadi, kamisheni na tarehe, na haitakuwa na jina la mtu wa upande wa pili.

Soko la Dar es Salaam huliweka jambo hili uchi kuliko New York. Lilianza biashara Aprili 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, na mpaka leo zipo hisa zinazopitisha siku kadhaa bila kuuzwa. Bei inaendelea kuchapishwa kila jioni, ileile. Kipimo cha Wilder hapo hakina cha kula, maana kupanda ni sifuri na kushuka ni sifuri. Mstari wa Granville umelala. Kisha asubuhi moja mstaafu wa Morogoro anamwambia dalali auze hisa zake mia mbili, anataka kuezeka bati upya kabla ya masika. Mnunuzi anapatikana, shilingi kumi chini ya bei iliyokuwa ikichapishwa. Jioni chati inaonyesha bei imeshuka kwa ujazo uliopanda kutoka sifuri, na mtu aliyeko Mwanza, aliyeipanga simu yake impigie kengele pindi bei na ujazo vinapokubaliana, simu yake inalia.